Nyumba ndogo ya udongo mtupu, bila fito wala tofali: tuijadili kama wajenzi

Kombamoyo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Humu ukitaja nyumba ya udongo, watu wanasikia umaskini na uzi unageuka wa kejeli. Leo naomba tuijadili kama wajenzi. Nazungumzia majengo madogo: chumba na sebule, stoo, jiko la nje, banda la kuku. Na nazungumzia ukuta mnene wa udongo uliokandwa na nyasi, unaopandishwa kwa mkono tabaka kwa tabaka, ndani hakuna fito, wala hujafyatua tofali hata moja. Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, wanauita kobu, na wana nyumba za namna hiyo za tangu karne ya 16 ambazo watu wanalala ndani mpaka leo. Kule mvua haina msimu. Dodoma tunapata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka mzima halafu tunasema udongo hautufai.

Sisi tumezoea kukandika: unasimika nguzo, unafunga fito, unajaza udongo. Hata tembe la Wagogo ukuta wake mara nyingi ni huohuo, tofauti iko juu, ambako pamewekwa boriti, fito, nyasi na udongo badala ya paa la mgongo. Nenda kaikague nyumba ya kukandika iliyolala upande. Usiangalie juu, angalia pale ukuta unapokutana na ardhi. Utakuta nguzo zimeliwa na mchwa zimebaki maganda. Au utakuta udongo wa chini umelika kwa sababu upenu ni mfupi, maji ya paa yanapiga chini na kurukia ukutani kila mvua. Ule udongo wa usawa wa kifua ni mzima kabisa, ukiugonga na nyundo unakurudishia mkono.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Simenti yako chache usiimalizie ukutani. Weka msingi wa mawe unaotokeza juu ya ardhi angalau sentimita 45, na sakafu ngumu. Hela ya bati iongezee upenu uende nje sentimita 75 mpaka 90. Katikati waachie udongo. Vijijini naona kinyume: mtu anakata miti anachoma tanuri la tofali kwa ukuta wote, msingi wa kubabaisha, na bati zinaishia palepale ukutani.

Karibuni, wa kupinga na wa kuunga mkono.

---

Kipepeo Mweusi

Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu endeleeni.

---

Jogoo la Shamba

Mkuu Kombamoyo hoja nimeielewa, ila hujui kijijini kwetu. Mimi nina kazi mjini, mama yupo Kongwa. Nikimjengea tope, hata liwe na unene wa mita, watasema mtoto kamtupa mamaye. Mama mwenyewe ameshaniambia anataka "ya bati na simenti kama ya wenzake". Hapo unanisaidiaje?

---

Kombamoyo

@Jogoo la Shamba hilo halijaanza na mama yako. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alilalamika hadharani kwamba watu wako radhi kukaa miaka kwenye kibanda kibovu wakisubiri bati na "udongo ulaya", yaani simenti, wakati wangeweza kujenga nyumba nzuri kwa vitu vya palepale. Karibu nusu karne, tupo palepale.

Bati mama atapata, hilo sijalipinga. Sakafu ya simenti atapata. Ukuta ukipigwa lipu ya chokaa ukapakwa chokaa nyeupe, jirani atakayegundua ni yule atakayeweka mkono kwenye dirisha akaona kingo ina upana wa kukalia. Ila usimdanganye mama. Mwoneshe kwanza jengo dogo, jiko au banda, aamue mwenyewe.

---

mama_Kuku

Wanangu, mimi nimekulia kwenye tembe upande wa Mvumi, kwa hiyo nisomeni vizuri. Mnaongelea mvua na mchwa, hamjataja papasi, yule kupe wa nyumbani. Papasi anakaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Mchana humuoni. Usiku anatoka, anakunyonya kidogo anarudi, wala hushtuki. Homa yake inakwenda na kurudi, unadhani umepona, baada ya siku chache uko kitandani tena. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Na usidhani ukihama nyumba atakufa njaa, anaweza kukaa miaka bila kula akisubiri mtu arudi.

Kwa hiyo huyo anayesifia udongo aniambie kwanza sakafu atafanyaje na nyufa ataziba na nini. Tuliosumbuliwa hatukimbii tope kwa sababu ya ushamba.

---

Kombamoyo

Shikamoo mama. Hiyo ndiyo pointi ambayo vijana wanaochapisha picha za nyumba za udongo za Ulaya hawaigusi, kwa sababu kule papasi si tatizo kubwa.

Ndiyo maana nikasema simenti iende sakafuni, na hapo hakuna mjadala. Kifusi kishindiliwe, karatasi ya nailoni, jamvi la zege, lipu laini, na ile kona ya ukuta na sakafu izungushiwe simenti kimo cha shubiri mbili isiwe na mwanya. Kuhusu ukuta, nyufa zinatokana na udongo wenye mfinyanzi mwingi kuliko mchanga, au kukausha harakaharaka juani. Zikitokea zinazibwa kabla ya mtu kuhamia. Na ukuta wa ndani uwe unasiribwa (kupakwa udongo laini) upya kila mwaka. Asiyekuwa tayari kwa hilo ajenge bloku.

---

mama_Kuku

Marahaba. Kusiriba ni kazi yetu akina mama, na wengi mnaharibu kwa kuchukua udongo wowote. Chukua wa kichuguu, mchwa ameshauchagua mwenyewe. Twanga, chekecha kwa chekeche la unga lililochakaa. Changanya na mchanga laini wa korongoni na kinyesi cha ng'ombe kibichi, cha siku hiyohiyo, siyo samadi kavu. Ufunike ulale mpaka kesho yake, utaona umekuwa laini unavutika. Ukuta uloweshe kwanza kwa maji, uchote kwa kiganja, usukume kutoka chini kwenda juu kwa nguvu, ukonde. Ukipaka nene utapasuka. Ukianza kukauka, pitisha jiwe laini la mtoni mpaka ung'ae. Harufu inaisha ukikauka.

---

Fundi Tindo

Naona watu wanatiririka tu, hakuna aliyepiga hesabu. Chumba cha ndani mita 3 kwa 4, ukuta sentimita 45, kimo mita 2.4. Ukitoa mlango na madirisha mawili unabaki na kama mita za ujazo 15. Udongo mkavu uliokandwa hivyo, mita moja ya ujazo ni kama tani 1.7. Hiyo ni karibu tani 25 za kuchimba, kukanyaga na kubeba kwa mikono, kwa chumba KIMOJA. Nani atakanyaga? Kibarua wa siku anataka hela yake. Udongo wa bure, sawa, ila nguvu siyo ya bure.

Swali la pili: kenchi, zile mbao za kubeba bati, unafungia wapi? Dodoma upepo wa Agosti unajulikana. Ukuta wa udongo haushiki msumari.

---

Kombamoyo

@Fundi Tindo hesabu yako iko sawa na ndiyo maana kichwa cha uzi kinasema nyumba NDOGO. Kwa vyumba vinne na mafundi wa kulipwa, tofali mbichi au za kushindilia zitakushinda kwa kasi na labda hata kwa bei. Kobu inamfaa mwenye watu: familia, kikundi cha kusaidizana, vijana wa likizo. Asiye na watu atalia.

Ila kazi yenyewe ina utaratibu unaopunguza mateso. Tandika turubai chini, mwaga ndoo za udongo na mchanga, tengeneza bonde katikati, maji kidogokidogo. Watu wawili wanakanyaga kwa kisigino. Kisha mnashika ncha mbili za turubai mnavuta, donge lote linapinduka lenyewe, mnakanyaga tena. Likianza kubaki donge moja kila mkipindua, ndipo unatawanya nyasi kavu au mabua ya mpunga, unakanyaga ziingie. Ukilivunja donge kwa mikono ukakuta nyasi zinalishikilia lisikatike, basi limeiva.

Ukutani unapandisha kimo cha sentimita 40 mpaka 50 halafu unaacha. Ukizidisha, uzito wa juu unalivimbisha tumbo la chini. Kabla ya kuacha, toboa mashimo kwa kijiti juu ya tabaka ili la kesho lipate meno ya kushikia. Pembeni unachonga kwa panga wakati udongo bado unakatika.

Kenchi: usifungie kwenye udongo. Unazika vipande vya gogo gumu ndani ya ukuta, kama sentimita 60 chini ya kilele, vimelala kwa urefu, vimefungwa waya mnene mara mbili unaotokeza juu. Ukuta ukikauka, juu yake unalaza mbao ya mzunguko, waya zinaikaza. Upepo ukitaka kung'oa paa itabidi ung'oe na udongo wote wa juu yake. Fremu za milango vilevile, zina mbawa za mbao zilizozikwa ukutani.

---

Kipepeo Mweusi

Udongo wa kufaa nautambuaje? Kwetu ni wa mbuga, mweusi.

---

Kombamoyo

Mweusi wa mbuga usiuguse. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unafunguka nyufa za kuingiza mkono. Hata msingi juu yake ni shughuli, ongea na fundi kwanza.

Udongo wowote mwingine, ondoa ule wa juu wenye mizizi mpaka ufike usio na rangi ya mbolea. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza theluthi moja, maji, chumvi kidogo, tikisa sana, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili. Vumbi laini linafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ukipata mfinyanzi kama robo au chini kidogo na mchanga mwingi, uko vizuri. Ukizidi mfinyanzi, ongeza mchanga.

Kisha finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lenye unyevu tu, liachie kutoka kifuani lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika, mfinyanzi ni mdogo. Likibandika kama chapati, maji yamezidi. Likibonyea kidogo na kupata ufa mmoja mwembamba, ndilo. Usiishie hapo: tengeneza matofali madogo ya majaribio yenye mchanganyiko tofauti, yakauke kivulini, uone lipi limepasuka. Mchanganyiko wa kitabuni wa udongo wa Devon haukuhusu wewe wa Manyoni.

---

Mtoto wa Forodhani

Nikichangia kutoka Unguja. Sisi za mjini tumejenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, boriti haiendi zaidi ya mita tatu hivi. Shamba kwetu ni viambaza na makuti. Nitaongelea chokaa tu.

Kosa tunaloliona Mji Mkongwe kila siku: ukuta wa zamani ukianza kumomonyoka, mtu anapiga lipu ya simenti. Unapendeza mwaka mmoja miwili. Ukuta wa chokaa unanyonya maji na kuyatoa, simenti inauziba pumzi. Maji yakiingia kwa ufa mdogo hayatoki tena, chumvi inasukuma, lipu inavimba na kudondoka kipande kizima ikiwa imeondoka na ngozi ya ukuta. Kwa udongo ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuma ya lipu udongo unarudi kuwa tope na wewe huoni. Nimeshaona watu wanapigilia waya wa kuku ukutani ili simenti ishike udongo. Inashika, ila tatizo la maji liko palepale.

Tumieni lipu ya chokaa: chokaa moja, mchanga mkali uliooshwa sehemu tatu, tabaka nyembamba mbili au tatu, ukuta uloweshwe kabla, na baada ya kupaka funika kwa magunia mabichi usikauke kwa jua. Chokaa haikauki tu, inavuta hewa polepole ndiyo inakuwa jiwe. Ukiiharakisha inabaki unga. Mkipata iliyochomwa haijazimwa, izimwe na anayejua: ukiitia maji inachemka, ikiruka jichoni ni hospitali. Na msichome matumbawe jamani, bara mnayo chokaa ya mawe ya Tanga.

---

Fundi Tindo

Hapa kwenye chokaa nakubali. Mafundi wengi wa sasa hawaijui, ukiwaambia wanachanganya na mfuko wa simenti "iwe na nguvu".

---

Wa Machakos

Hamjambo majirani. Huku kwetu wengi tumeenda na tofali za kushindilia kwa mashine ya mkono. Udongo mwekundu, simenti kama asilimia 5 hadi 8, unashindilia, unaweka kivulini ukizimwagilia maji wiki moja au zaidi. Hazichomwi, kwa hivyo kuni hakuna, na za kufungamana hazihitaji mota nyingi ya kuunganishia. Ukuta ni mwembamba kuliko huo wenu wa sentimita 45, kazi inaenda mbio. Kuna ubaya gani?

---

Kombamoyo

@Wa Machakos hakuna ubaya ndugu. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakizifundisha kwa miaka, na shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, iliyomalizika 2001, ilijengwa kwa tofali za udongo wenye simenti kidogo. Mbunifu wake, Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hichohicho na mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kitu cha kuiga pale ni paa: bati ameliinua juu ya dari likae peke yake, upepo unapita katikati na kuondoa joto. Dawa hiyo unaiweka juu ya ukuta wa aina yoyote.

Tofauti ni kwamba mashine unainunua au unaikodi, na simenti bado unaihitaji. Mwenye nazo aende huko.

---

Mhaya wa Ziwani

Mmesahau tetemeko. Septemba 10, 2016 Kagera tulipigwa, ukubwa 5.9, na nyumba nyingi zilizolala zilikuwa za tofali za udongo na za kuchoma zisizo na lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Nanyi Dodoma mko kwenye bonde la ufa. Tani 25 za udongo zikikuangukia usingizini?

---

Kombamoyo

Swali zito. Kobu haina viungo kama tofali, ni donge moja lenye nyasi, kwa hiyo haifunguki kirahisi. Nelson, New Zealand, ambako ardhi inatikisika sana, kuna nyumba ya kobu inaitwa Broadgreen, ya mwaka 1855, imesimama. Lakini nisingemwambia mtu alale humo kwa kutegemea hadithi ya nyumba moja. Ukuta usipite kimo cha mita mbili na nusu, madirisha madogo na mbali na kona, kona ziwe za mviringo, mbao ya mzunguko juu iunganishwe vizuri kwenye kona zote, paa jepesi. Paa la udongo la tembe juu ya vichwa vya watu mimi simshauri mtu. Na kwa Kagera yenyewe ningesema wazi: tumia nondo na lenta.

---

Dar Mpaka Kieleweke

Vipi Kigamboni? Nataka kibanda cha wageni nyuma ya nyumba.

---

Kombamoyo

Usijenge huo mnene. Ukuta mzito unafaa pale ambapo mchana kuna joto na usiku baridi, kama Dodoma, Singida, Iringa: unachelewesha joto la mchana, usiku unakurudishia. Dar usiku wenyewe ni joto na unyevu, ukuta utakuchemsha saa nne usiku. Pwani wazee walijua, kiambaza chembamba, makuti, upepo upite.

---

Jogoo la Shamba

Mkuu nimekaribia kukubali. Swali la mwisho: nianze lini? Kiangazi maji hakuna, masika udongo hautakauka.

---

Kombamoyo

Kongwa anza Mei mvua ikishakata, lambo likiwa bado na maji. Mawe na msingi fanya hata kabla, Aprili mwishoni. Kukanda na kupandisha kuishe kabla ya Septemba, paa likae juu Oktoba, lipu ya chokaa kabla ya mvua za Desemba. Ukuta usipoezekwa na mawingu yakaja, funika kichwa chake kwa turubai, pembeni uache wazi upumue.

---

mama_Kuku

Hamjasema shimo mnachimba wapi. Tani 25 zinatoka mahali. Nimeona watu wanachimba hatua tatu kutoka ukutani, mvua ikija ni dimbwi la mbu mlangoni na msingi unaloweka.

---

Fundi Tindo

Mama yuko sahihi. Chimba panapotakiwa kuwa na choo, au chini ya mteremko kabisa. Ukichimba choo mita tatu, sehemu ya udongo wa chumba umeshaipata, ila ule wa juu wenye mizizi utenge.

---

Jogoo la Shamba

Choo ndicho cha kwanza mama alichoniomba kwa kweli. Basi shimo la choo Aprili, banda la kuku Mei kwa udongo huohuo, nyumba mwakani akilikubali banda. Fundi Tindo njoo PM tuongee bei ya msingi.

---

Fundi Tindo

Nakuja. Mawe yawe yameshasogezwa eneo la kazi, sitaki kuja kukaa kivulini nikisubiri mkokoteni.